Sauti ya Kusema Wamevuka

Njia ya kutoka mlango wa uani wa dada yangu hadi chooni ilikuwa imechimbika kuliko njia ya kwenda kisimani. Kila aliyefika pale nyumbani Malolo aliiona, na kila aliyeiona alinyamaza, kwa sababu kisimani huenda watu wote, lakini njia ile ilikuwa ya mtu mmoja. Mvua zilipokuja iligeuka mfereji. Shemeji yangu akawa anaijaza mchanga na maganda ya karanga ili mkewe asiteleze, na baada ya muda si mrefu ilikuwa imechimbika tena.

Nataka kueleza dada alikuwa anaumwa nini. Nimefundisha sayansi katika sekondari Nachingwea kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijawahi kukutana na mwanafunzi asiyeweza kuelewa jambo hili akipata mtu wa kumsubiri. Kwa hiyo msomaji usiwe na wasiwasi, tutakwenda polepole. Ila itabidi tuanzie shambani, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa kwa kupitia huko.

Shamba la ukoo wetu lilikuwa bondeni, karanga upande wa juu, mahindi upande wa chini karibu na kijito. Mchana kazi ya watoto na akina mama ilikuwa kulinda nyani. Tulikaa juu ya madungu, vile vichanja vya miti vilivyoinuliwa ili mlinzi aone mbali, kila mmoja na debe lake na kipande cha ubao. Aliyewaona nyani kwanza alipiga debe na kupaza sauti. Wa dungu la pili akapokea, wa tatu akapokea, na mara bonde zima linalia. Hapo wote tulishuka na kukimbilia kelele zilikoanzia, tukiwa na mawe, fimbo na panga. Nyani si mjinga. Akiona umati, huondoka.

Kulikuwa na mwito wa pili, ambao mgeni asingeuona umuhimu wake. Nyani wakishavuka kijito, lazima mtu aseme, "Wamevuka!" Neno hilo nalo lilipokelewa dungu kwa dungu, watu wakapunguza mbio, wakageuka, wakarudi kukaa. Bila neno hilo watu waliendelea kukimbia ndani ya mazao, na mtu anayemtafuta nyani haangalii anapokanyaga.

Kwa ukoo wetu neno hilo lilikuwa la mtu mmoja, mjomba, kaka yake mama. Kwetu watoto ni wa upande wa mama. Baba ana heshima yake, lakini mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu shule, ndoa, ugonjwa na msiba. Basi na nyani pia, mpaka yeye aseme wameondoka ndipo wanakuwa wameondoka.

Siku moja mjomba alikuwa amekwenda sokoni Ruangwa. Dada, ambaye wakati huo alikuwa msichana mkubwa tu, alikuwa kwenye dungu la mwisho kabisa karibu na kijito, akawaona nyani wakivuka, hadi lile dume linalotembea nyuma kama msimamizi. Akaita, "Wamevuka!" Hakuna aliyepokea. Akaita tena na tena mpaka sauti ikakauka. Sisi tuliendelea kukimbia huku na huku, watu wazima kwa watoto, juu ya karanga zilizokuwa ndiyo kwanza zinabeba. Mmoja wetu akatia moto kichakani ili kuwatoa nyani waliojificha, na moto ule ukala ukingo mzima wa shamba. Alasiri mjomba akarudi. Akasimama mpakani, akatazama ng'ambo, akasema wamevuka. Tukakaa. Kisha akatazama chini.

"Nyani wa leo walikuwa na miguu ya watu," alisema.

Watu wakacheka sana, na dada akacheka pamoja nao. Nyani walikuwa wamekula kona moja ya mahindi. Shamba lililobaki tulilimaliza wenyewe.

Dada alianza kuumwa katika miaka ya tisini, baada ya kumzaa binti yake wa pekee. Ilianza kama kuhara kwa kawaida, kisha pakawa na ute, kisha damu. Tumbo lilimkata upande wa kushoto chini, na kila alipodhani amemaliza haja, akirudi ndani inamwita tena. Alikuwa mwanamke mwenye mikono minene, hodari wa kubangua korosho, asiyejua kukaa. Akaanza kukaa. Magoti yakamuuma, vidonda vikamtoka mdomoni, na khanga aliyokuwa akiifunga mara moja kiunoni ikawa inamzunguka mara mbili.

Tabibu wa zahanati alimpa vidonge vya amiba, vile vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Simlaumu. Kwetu sisi mtu akiharisha damu, mara nyingi ni amiba au vijidudu vingine vya maji machafu, na vidonge vile vimeokoa wengi. Alipomaliza alipata nafuu kidogo, halafu damu ikarudi. Akapewa tena. Ikarudi tena. Hiyo ndiyo tabia ya maradhi yale, huja na kuondoka yenyewe, kwa hiyo dawa yoyote unayoinywa yakiwa yanaondoka huonekana imekuponya, na mtu yeyote uliyegombana naye yakiwa yanarudi huonekana amekuroga. Mganga wa Narung'ombe alipata sifa kwa njia hiyo hiyo, na jirani mmoja mwanamke akapoteza jina lake jema kwa njia hiyo hiyo. Wanawake wenzake dada wakaanza kumtengea bakuli lake. Hawakumwambia kitu. Walipakua tu, sinia la wote likawekwa katikati na bakuli likawekwa pembeni, na yeye akaenda lilipo bakuli.

Mumewe alikuwa Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alikuja kuoa kwetu na kuishi kwetu, kama ilivyo desturi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Nilipomuuliza kwa nini hampeleki mkewe hospitali kubwa, alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

"Shemeji, mimi hapa jogoo wa kuazima," akasema. "Nawika, lakini banda si langu."

Alisubiri mpaka siku dada alipozimia kisimani. Hapo alikwenda kwa mjomba na kupiga magoti, na mjomba akakubali. Akampakia mkewe kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka Nachingwea kwangu, na kutoka hapo tukapanda lori la korosho kwenda hospitali kubwa.

Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kusema taratibu. Alimchunguza dada kwa mpira wenye taa, akachukua vipande vidogo vya nyama ya utumbo vikapimwe. Majibu yalipotoka alituita wote, akamwambia dada mwenyewe, si mimi wala mumewe, kwamba hakuna amiba. Utumbo mpana una vidonda kuanzia chini kwenda juu, na vidonda hivyo vimechimbwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Haviambukizi. Havikutoka kwa mtu. Hana dawa ya kuving'oa moja kwa moja, ila anayo ya kuvituliza, na vikitulizwa vizuri mtu huishi, hulima, huzeeka.

Dada aliuliza kwa nini kinga yake imemgeuka. Daktari alisema hilo hata yeye halijui, na wakubwa wake hawalijui. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Niliporudi shuleni nilitafuta kitabu. Rafiki niliyesoma naye chuo alinitumia kimoja kutoka Dar es Salaam, kizito, chenye michoro, nami nikakisoma nikiwa na kamusi pembeni. Hiki ndicho nilichokipata, nakipunguza tu ukubwa.

Utando wa ndani kabisa wa utumbo una unene wa chembe hai moja. Fikiria hilo kwanza. Upande mmoja wa utando ule kuna bakteria wengi kuliko watu wote duniani, upande wa pili kuna nyama na damu yako, na katikati ni mstari mmoja wa chembe zilizoshikana mabega, zimepakwa ute kama ukuta uliopakwa udongo. Mstari huo hauwezi kukaa bubu. Lazima uongee, na kweli unaongea mchana kutwa. Chembe hazina midomo, kwa hiyo hutoa vipande vidogo mno vya protini. Kipande kinaelea mpaka kwa chembe jirani, na kama chembe hiyo ina mahali pa kukipokea, kinaingia pale kama ufunguo kwenye kufuli. Mahali hapo huitwa kipokezi. Ufunguo ukiingia, ndani ya chembe kitu kinasukuma kitu, nacho kinasukuma kingine, mpaka kwenye kiini, na chembe inabadilisha kazi iliyokuwa ikifanya. Basi, huo ndio usemi wao. Ukilielewa hilo umeelewa sehemu ngumu yote.

Ujumbe mwingine husema kuna adui, njooni. Askari wa damu wanakuja, mahali panavimba, panakuwa pekundu na moto. Watu huuchukia uvimbe, lakini bila huo kijidudu cha kwanza kingetuzika. Ujumbe mwingine husema tulieni, yamekwisha. Wapo askari maalumu ambao kazi yao ni kuutoa huo tu. Hata bakteria wema husaidia, kwani wakila mabaki ya kunde na mbaazi tunayoshindwa kuyasaga, hutengeneza aina ya asidi inayolisha chembe za utumbo na kupunguza hasira za askari. Utumbo wenye afya si ule usiopigana kamwe. Ni ule unaojua kuacha.

Katika maradhi kama ya dada, mwito wa kwanza hauishi na mwito wa pili hautoshi. Pengine hautolewi vya kutosha, pengine unatolewa lakini vipokezi havipokei. Askari wanabaki wakikimbia na kumwaga sumu zao juu ya nyama isiyo na adui. Niliposoma sehemu hiyo nilifunga kitabu, kwa sababu nilikuwa nimeziona tena zile karanga.

Dada alipewa vidonge vya aina mbili. Vya rangi ya chungwa vilikuwa vya kuendelea navyo. Vidogo vyeupe ndivyo vilivyokuwa na nguvu ya kuamuru. Hivyo huingia ndani ya chembe na kunyamazisha mwito wa vita, kama sauti kubwa ya kusema wamevuka iliyoletwa kutoka nje. Mwili nao hutengeneza yake ya namna hiyo kila siku, lakini ukiletewa nyingi kutoka nje huacha kutengeneza. Ndiyo maana daktari alirudia mara nyingi kwamba vyeupe haviachwi ghafla. Vinapunguzwa kidogo kidogo, mpaka mwili ukumbuke kazi yake.

Na vilifanya kazi. Lazima niliseme hili kwa wote wanaosoma huku wana mgonjwa ndani. Damu ilikatika. Dada alianza kulala bila kuamka. Alipika, akaenda kuvuna mbaazi, akagombana na mumewe kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na mumewe akanambia hajawahi kufurahi kutukanwa namna ile. Njia ya chooni ikaota majani membamba pembeni. Uso wake tu ndio ulikuwa umevimba, ukawa mviringo kama mwezi, na daktari alikuwa ameshatuonya kuwa ni kazi ya vile vyeupe, utapungua navyo.

Uso ule ndio uliomfanya mjomba aanze kuuliza habari za dawa.

Nilipofika likizo nilimkuta barazani kwake akichonga mpini wa shoka. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniambia nikae nimweleze mjukuu wa Wazungu anasemaje. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipokwenda chuo, na alilitumia akiwa na furaha. Nikamweleza yote kwa kutumia shamba letu. Madungu, madebe, mwito wa kwanza, mwito wa pili, hadi karanga zilizokanyagwa siku ile. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile. Aliacha kuchonga. Alicheka pale pa kucheka, akauliza maswali ya maana, akarudia maelezo yangu kwa maneno yake na hakukosea hata mahali pamoja. Nikajua nimeshinda.

Kisha akaupima mpini kwa jicho moja.

"Kwa hiyo dawa hii imewalaza walinzi," akasema.

Nikasema imewatuliza, si kuwalaza.

"Mwalimu. Shamba ambalo walinzi wametulia na nyani wapo duniani, wewe unaliitaje?"

Nilijibu kwamba swali lake ni zuri, kwamba hata daktari analiogopa hilo, ndiyo sababu dawa inapunguzwa taratibu na mgonjwa anarudi kuangaliwa. Nilieleza tena kwa upole. Mjomba aliniacha nikamaliza. Akasema amenielewa, na kwamba kwa kuwa damu imekatika, nyani wamevuka, na nyani wakivuka lazima mtu aseme.

Hapa nieleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo mjomba ataonekana mtu katili, na hakuwa katili. Kwa ukoo wetu, mtu aliyeugua muda mrefu hawi mzima kwa kupata nafuu. Anakuwa mzima siku anapotolewa. Ukoo unakusanyika, anaogeshwa, ananyweshwa mizizi ya kuharisha ili tumbo litoe mabaki ya ugonjwa na mabaki ya dawa zote alizokunywa, watu wanakula, na mjomba anasimama na kusema kwamba huyu amepona. Tangu saa hiyo hatengewi bakuli. Anarudi kwenye sinia. Na tangu saa hiyo hagusi tena dawa ya ugonjwa ule, kwa sababu kuigusa ni kuuita urudi, tena ni kumfanya mjomba mwongo mbele ya watu.

Nilibishana kwa muda wote wa maandalizi. Nilimweleza mama, akaitikia. Nikawaeleza mama wadogo, nao wakaitikia. Niliwaeleza kwa mifano ya jikoni, ya sokoni, ya msikitini. Kila mmoja alielewa, na kila mmoja alimaliza kwa kuniuliza mjomba amesemaje. Mpaka leo sina malalamiko juu ya akili za watu wa kwetu. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa somo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimfuata dada nyuma ya nyumba, akiwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anasubiri kuitwa. Chupa ya vidonge vyeupe alikuwa nayo mkononi. Nilimsihi anywe mizizi kwa ncha ya ulimi tu, kisha aendelee na vidonge kwa siri, mumewe angemfichia. Nikaanza kumweleza tena habari ya mwili uliosahau kutengeneza dawa yake. Akanigusa mkono ninyamaze.

"Mdogo wangu, nilikuelewa siku ya kwanza," akasema. "Lakini wewe unaishi Nachingwea na vitabu vyako. Mimi naishi hapa. Nimechoka kula peke yangu."

Alinipa chupa ile pamoja na vile vya rangi ya chungwa nivirudishe hospitali, visije vikaharibika na kuna mtu anavihitaji.

Walimtoa vizuri. Kulikuwa na wali na kuku, na wanawake waliimba mpaka wakakaukiwa sauti. Mjomba alisimama na fimbo yake na kusema mtoto wetu amepona, na palepale watu wote wakakaa. Niliona kwa macho yangu. Dada akawekwa kwenye sinia katikati ya wenzake, na yule aliyekuwa mwepesi kuliko wote kumtengea bakuli ndiye aliyemchagulia paja la kuku. Alikula huku machozi yanamtoka. Uso wake wa mviringo uling'aa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, hakukaa na wanaume wenzake.

Mjomba alikuwa ametangaza, na kila mwenye masikio ya kumsikia alimsikia. Chembe za utumbo wa dada yangu hazikuwa na kipokezi cha sauti yake.

Niliondoka kurudi kufungua shule. Mvua kubwa zikaanza, barabara ikakatika, na habari zikawa zinanifikia kwa watu waliovuka kwa miguu. Wa kwanza alisema dada mzima. Wa pili alisema amechoka tu, hana nguvu ya kuinuka, anatapika. Wa tatu alikuwa kijana wa Marambo aliyekuwa akitokea Malolo kutafuta mbegu, na yeye hakujua kama ni siri. Akaniambia mtaani mbele ya watu kwamba yule mama anaharisha damu tupu, tumbo limejaa kama ngoma, na ukoo unamtafuta aliyemrudishia ugonjwa. Shemeji alijaribu kumtoa kwa baiskeli. Hakuomba ruhusa safari hiyo. Walifika kwenye mto uliofurika, wakangoja maji yapungue, na dada akafia pale kando ya mto, kichwa chake mapajani mwa mumewe, hospitali ikiwa ng'ambo.

Kwenye msiba nilisikia ikisemwa kwamba alificha kidonge kimoja akakinywa baada ya kutolewa. Ndiyo maana ugonjwa uliitika. Chupa ilikuwa bado kwangu, ndani ya sanduku, sijaifikisha hospitali, na kifuniko chake sikuwa nimekifungua. Nililisema hilo. Watu waliniitikia kwa huruma, kama anavyoitikiwa mfiwa. Shemeji alingoja arobaini, akakunja mkeka wake, akarudi kwao. Binti hakwenda naye, kwa sababu binti ni wa kwetu.

Mjomba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipofariki, ukoo ulikaa, na kwa mpango wa kuzaliwa kiti cha mjomba kikawa changu. Nilikuwa tayari na mvi. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika, ufuta ulikuwa umeanza kuwajengea watu nyumba za bati, na vijana wa Malolo walizungumza kama watangazaji wa redio ya Dar es Salaam. Nikadhani mambo mengine yote nayo yamesogea.

Ndipo nikapigiwa simu kwamba binti wa dada, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, anaharisha damu na ute.

Nilifika nimejiandaa. Njia nzima nilipanga maneno. Nilijua maradhi yale hupenda kutembea ndani ya ukoo mmoja, na nilijua nitakuta mganga ameshaitwa. Nilikuta wamekusanyika barazani, mama wadogo waliobaki, mume wa binti, na wazee wawili wa upande wetu. Nikawaamkia wakubwa, nikasema nataka binti aende hospitali leo, apimwe, na dawa atakayopewa ainywe kama alivyoambiwa, na hatatolewa na mtu mpaka daktari aseme. Kisha nikavuta pumzi nianze kueleza. Nilianzia kwenye utando wenye unene wa chembe moja.

Watu walikuwa wameshainuka. Mmoja anafunga kikapu, mwingine anaita pikipiki. Mama mdogo, yule yule aliyeitikia somo langu zamani na kuniuliza mjomba amesemaje, akanishika begani.

"Usijichoshe, Mjomba," akasema kwa upendo. "Umeshasema."

Hospitali walimpima binti wakakuta amiba. Amiba ya kweli, ya maji ya kisima. Akapewa vile vile vidonge vyenye ladha ya chuma alivyomeza mama yake bure kwa miaka, na kabla havijaisha alikuwa anaomba ugali. Nyumbani wakasema mjomba huyu ana macho, ameuona ugonjwa kabla ya mashine. Wanalisema mpaka sasa. Nimewaambia mimi niliogopa kitu kingine kabisa, na kwamba daktari ndiye aliyeona. Wanatabasamu kwa unyenyekevu wangu.

Siku ya kumrudisha nyumbani, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi tukisubiri gari, binti aliniuliza mama yake alikuwa anaumwa nini. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia isipokuwa habari ya kidonge kilichofichwa. Basi nikamweleza. Nilimweleza madungu na madebe, ufunguo na kufuli, askari wanaoita na askari wanaotuliza, vidonge vya kupunguza taratibu. Nilimweleza siku mama yake alipoita wamevuka mpaka sauti ikakauka, na siku aliponikabidhi chupa. Nilikwenda polepole, nikisimama kila mahali pagumu, kama nilivyofanya kwa kila mtoto aliyepita darasani kwangu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Kila niliposimama alisema, "Ndiyo, Mjomba."

Nilipomaliza nikamwambia aniulize swali, lolote, hata dogo.

"Sina swali, Mjomba," akasema.